Seva Nne Zinazozimwa kwa Adabu Iliyopita Kiasi

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Chuoni hapa.

Ndugu Mkuu,

Pokea salamu zinazostahili cheo chako, kisha uweke kikombe cha chai chini. Nakuandikia kwa niaba ya wanafunzi mia mbili wa mwaka wa mwisho waliojaa kwenye korido yako hivi sasa. Wasipojisajili kwa mtihani kabla ya saa kumi na moja jioni ya leo, watasubiri mwaka mzima. Sasa ni saa tisa na nusu. Mfumo wa usajili ulianza kuzimwa saa nane, ati uwashwe upya, na mpaka sasa haujawashwa.

Mhusika ni fundi wako wa seva, mzee tunayemwita Bwana Taratibu. Nimemchunguza kupitia kioo cha mlango wake, na haya ndiyo malalamiko yetu:

1. Namna anavyowasha. Usajili unaendeshwa na seva nne zinazofanya kazi ileile, chini ya seva kuu moja inayozisimamia. Bwana Taratibu huwasha ile kuu kwanza, huisubiri isimame imara, ndipo aziamshe nyingine moja moja. Huu ni ukabaila. Tangu lini mnyonge akahitaji ruhusa ya bwana mkubwa ili afumbue macho?

2. Namna anavyozima ni hatari zaidi. Huanza na zile ndogo, kuu huwa ya mwisho. Yaani katika chumba kile mkubwa ndiye anayewahi kufika na ndiye anayechelewa kuondoka! Ndugu Mkuu, mfano huu ukivuja hadi jengo la utawala, nani atakuwa salama?

3. Hataki kutumia nguvu. Kitufe cha kuzima papo hapo kipo, naye amekibandikia karatasi isemayo "Acha." Yeye huifungia seva mlango isipokee mgeni mpya, kisha hungoja walio ndani wamalize shughuli zao. Seva tatu zimekwisha kuzimika kwa mtindo huo. Ya nne anaingojea tangu saa nane na robo, mikono kifuani, kama mkwe aliyefika mapema. Nilipomgongea, alinieleza kwamba mtu mmoja bado yumo, na kwamba yeye hajawahi kumtoa mtu katikati ya kazi yake. Kumstahi mmoja kiasi hicho ni kuwadharau mia mbili.

4. Mimi binafsi niliwahi kuingia kabla ya saa nane. Fomu yangu iko wazi mbele yangu kwenye kompyuta mpakato, nimeijaza nusu na nimegoma kuiwasilisha, kwa mshikamano na wenzangu walioachwa nje.

5. Kwa hiyo tunadai seva zisizimwe kamwe. Ikibidi zizimwe, zipige kura zenyewe, kwa siri. Na huyo mtu mmoja aliyejificha ndani, asiye na haya wala huruma, atajwe jina mbele ya korido nzima.

Nisalimie naibu wako, katibu muhtasi wako aliyetukopesha viti, na mlinzi ambaye bado anatuomba tusiegemee ukuta.

Wako katika mapambano,
Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Korido

N.B. Nimewasha simu sasa hivi, niliyokuwa nimeizima nisisumbuliwe nikiandika, nikakuta Bwana Taratibu amenipigia mara tano. Namba aliipata kwenye fomu yangu. "Mwanangu," ameniambia nilipompigia, "humo ndani umebaki peke yako. Maliza tu, mimi nipo." Nimewasilisha, na usajili wangu umekubaliwa. Anaziwasha sasa, kuu kwanza. Anasema wote watawahi endapo utaongeza saa moja. Nakusihi uiongeze, na madai yote ya hapo juu uyafute. Barua hii isisomwe hadharani. Korido imeniteua niongoze msako wa yule mtu mmoja. Nimekubali, ila nimewaeleza kwamba uchunguzi wa haki huchukua muda, pengine hadi baada ya mahafali.