Bibi Harusi wa Sabuni

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Mkuu wetu sisi waongoza wageni wa pangoni amestaafu. Meneja ametuita chini ya ngazi, akatuonyesha kofia ngumu nyeupe ya mkuu na kusema ataikabidhi Jumamosi. Ataipata atakayewaletea wageni kivutio kipya. Atakayeshindwa atahamia Ukumbi wa Popo, kukwangua kinyesi. Kwa koleo. Kila siku.

Tunaoshindana ni mimi na Kasuku, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Jina la Kasuku nilimpa mimi, maana mdomo wake haupumziki. Ana jiwe lake anawaambia wageni ni tembo dume. Tembo gani! Kiazi kile. Lakini wageni wanapiga makofi, wanapiga na picha. Wivu umenipanda mpaka utosini.

Jioni nimemwambia mke wangu kofia nimeshaipata. Kafurahi sana. Sasa lazima niipate kweli.

Jumanne, 4 Juni

Nimezunguka pango zima na tochi. Mawe mazuri yote yana wenyewe: tembo, kinanda, chui aliyelala. Yaliyobaki hayafanani na kitu chochote. Na jiwe la chokaa hukua tone kwa tone, mtu anazaliwa mpaka anazikwa hajaona tofauti. Mimi nina mpaka Jumamosi.

Saa sita mchana, akili ikafunguka. Mke wangu ni dobi! Stoo yake imejaa miche ya sabuni, myeupe kuliko jiwe lolote pangoni. Alipotoka kupeleka nguo za watu, nikaiyeyusha kwenye sufuria yake kubwa, nikamimina, nikachonga kwa kijiko. Bibi harusi! Ana shela, ana shada la maua, ana pua nzuri. Nilipommaliza machozi yalinitoka. Huenda ni mvuke.

Mke wangu aliporudi aliuliza sabuni imekwenda wapi. Nikasema panya. Akauliza ni panya gani wanaochukua sabuni na sufuria. Nikasema wa siku hizi ni wasafi.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, nilimwingiza Bibi Harusi amefungwa blanketi. Mlinzi akauliza kulikoni. Nikamwambia chini kuna baridi. Nikamsimamisha kwenye ukingo juu ya ziwa la pangoni, nikamwelekezea taa.

Jamani! Kundi la kwanza lilikata pumzi. Niliwasimulia jinsi anavyomngoja bwana harusi tangu dunia haijaliona jua. Mama mmoja alilia kwa kwikwi. Mzee mmoja alivua kofia. Watu wa Kasuku wakamtoroka mmoja mmoja, wakaja kwangu, akabaki anamhubiria tembo wake peke yake. Baadaye alikuja, akanusa, akasema panasikika harufu ya shuka zilizofuliwa. Nikamjibu hiyo ndiyo harufu ya usafi wa moyo, yeye hawezi kuijua.

Nimelala nikiwa nimeivaa kofia nyeupe kichwani. Kwa mawazo tu.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa. Juu ya Bibi Harusi kuna jiwe linalodondosha maji. Asubuhi nilimkuta hana pua. Nikawaambia wageni imelika kwa machozi, wakazidi kulia. Mchana kidevu kikaenda. Alasiri likaenda shada.

Na vyote vilikwenda ziwani! Mpiga makasia, mzee ambaye hatujawahi kusikia sauti yake, alianza kuzungusha wageni kwenye boti kama kawaida. Kila kasia likipiga, povu. Likipiga, povu. Mwisho wa kazi boti haikuonekana, ilionekana kofia ya mzee tu ikielea juu ya povu. Hakusema neno. Mimi nilikula kona.

Ijumaa, 7 Juni

Nimejitia ninaumwa tumbo. Nimejifunika shuka nikingoja kufukuzwa kazi. Badala yake mke wangu amerudi mbio akisema mji mzima unazungumzia Ziwa la Maziwa, foleni imefika barabarani! Aliyeligundua, eti, ni mdogo wake. Kasuku! Ameingia na kundi lake, ameona povu, na papo hapo ametunga kwamba ni maziwa ya tembo wake.

Tembo DUME! Wiki nzima kawaambia watu ni dume!

Mke wangu amekata tiketi ya kuliona kesho. Tumbo sasa linauma kweli.

Jumamosi, 8 Juni

Tulikusanyika ukingoni mwa ziwa. Meneja na kofia mkononi, mkaguzi wa mapango na suti yake, wageni na povu mpaka kwenye nyusi wakicheka kama watoto. Kasuku kifua mbele. Bibi Harusi kimebaki kisiki.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Hakuna aliyejua! Lakini Meneja alipomsifu Kasuku kwa ubunifu, ubunifu, ubunifu, nikasikia mtu anapiga kelele kwamba hayo si maziwa, ni sabuni, na ni yake, kaichonga kwa mikono yake! Kuangalia vizuri, mtu mwenyewe ni mimi. Na sikuishia hapo. Nilimshika mkaguzi mkono, mkono wa koti ulikuwa na tope, nikaufua palepale ziwani. Ukatakata!

Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikakumbuka ilishanimeza tangu asubuhi. Mke wangu akapenya mpaka mbele, akauliza kumbe panya ndiye huyu. Kasuku akasema yeye alishashuku zamani.

Meneja alitutazama sote wawili, akaenda akamvika kofia nyeupe mpiga makasia. Alisema ndiye pekee ambaye wiki hii hakumdanganya. Mzee alitabasamu. Hakusema neno.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi mimi na Kasuku tumechota povu kwa ndoo. Mchana tumehamia kwa popo, yeye koleo lake, mimi langu. Nyumbani ninafua nguo za wateja mpaka deni la sabuni liishe. Nimepata muda wa kujitafakari kwa kina. Nimetubu. Kosa nimeliona na sitalirudia tena maishani: sabuni haifai pangoni.

Inayofaa ni chumvi!

Chumvi ya mawe! Nyeupe, inang'aa, haina harufu, haitoi povu hata kidogo. Safari hii nachonga simba, tena jike na watoto wake. Nimemweleza Kasuku, kwa kuwa nahitaji mtu wa kunisaidia kubeba. Akakuna kichwa, akauliza chumvi ikidondokewa na maji itakuwaje.

Nimemwambia wivu utamuua.