Paroko Anayetuelewa Kupita Kiasi

Mhashamu Baba Askofu,

Tumsifu Yesu Kristo.

KUHUSU: OMBI LA KUMPANDISHA CHEO PAROKO WETU MPYA MPAKA ATOKE HAPA

Mimi ni fundi cherehani, na ni mwenyekiti wa halmashauri ya walei parokiani kwetu. Utanikumbuka kwa barua zangu. Ndimi niliyekuandikia mara saba katika miaka minne, nikiuliza kwa nini Kanisa lililojaa weusi kwenye mabenchi linaongozwa na weupe altareni, na kwa nini makardinali wakipiga picha ya pamoja inabidi mtu avae miwani ili amwone wa kwetu. Barua ya tano niliisoma mbele ya halmashauri, watu wakatoa machozi. Na mimi nililia, ingawa nilikuwa nimeiandika mwenyewe. Nilisema tunataka mchungaji wa rangi yetu, anayejua lugha yetu na anayejua tulikotoka.

Ukatusikia, ukatuletea. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama, nikakipata, na leo naandika kwa unyenyekevu kuomba kukirudisha.

Nikiri kwanza kwamba Padre huyu hana kosa. Haringi, hachelewi, wagonjwa anawatembelea kwa miguu. Ungekuwa umetuletea mvivu nisingekusumbua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anajua Kiswahili.

Aliyemtangulia, yule mzee wa kizungu tuliyemwita Padre Polepole, alikaa nasi miaka kumi na minane, na Kiswahili chake kikabaki cha kuombea maji. Hatukujua kwamba ile ni neema. Kwenye kitubio ulisema dhambi zako kwa mafumbo, naye akaitikia, "Ndiyo, ndiyo, polepole mwanangu," akakupa Salamu Maria tatu. Mwizi tatu, msengenyaji tatu, aliyesinzia kwenye misa naye tatu. Usawa wa namna hiyo sijauona hata serikalini.

Huyu mpya nilimwambia, "Padre, niliteleza kidogo." Akauliza niliteleza wapi, mara ngapi, na nilikuwa na nani. Nikamwambia ulimi hauna mfupa. Akasema hilo analijua tangu utoto, anachotaka kujua ni huo ulimi wangu ulimwangukia nani.

2. Hadanganyiki na mila.

Padre Polepole aliogopa sana kutudharau, maskini, na sisi tuliitumia hofu hiyo vibaya. Mkutano ukichelewa saa mbili, tulimwambia kwamba kwa mila zetu mkutano hauanzi mpaka mioyo ya wazee itulie. Aliandika kwenye daftari. Kwaya ilipokataa mazoezi, tulimwambia sauti zetu tumezaliwa nazo. Hilo nalo akaliandika. Mimi binafsi nilimfundisha kwamba kwetu mwenyekiti hafagii kanisa, ni mwiko, na kwa miaka yote hiyo sikugusa fagio.

Nilipomweleza huyu mpya mwiko huo, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwiko wa wapi huo, mzee wangu?" akaniuliza. "Mbona mjomba wangu ni mwenyekiti na anafagia?" Kisha akanipa fagio. Alinipa kwa mikono miwili na kwa adabu zote, kwa hiyo hata kukasirika nilishindwa.

3. Anajua maana ya kinyongo.

Hapa naomba karani akupishe, usome peke yako. Nina mdogo wangu, naye ni fundi. Tulikuwa na duka moja na cherehani mbili zilizotazamana. Miaka kumi na moja iliyopita alisema mbele ya mteja kwamba kola niliyoshona imepinda. Ilikuwa imepinda kweli. Lakini ndugu hungoja mteja atoke. Tulipiga ukuta wa mbao katikati ya duka, yeye akachukua mlango wa kushoto na mimi wa kulia, na tangu siku hiyo hatujasemezana.

Usidhani sikuungama. Kila mwezi nilimwambia Padre Polepole, "Padre, nina kinyongo na ndugu yangu." Naye alitabasamu na kunijibu, "Umtunze vizuri. Usimpige mawe. Naye ni kiumbe cha Mungu." Niliona alipaswa kusema "ukitunze", lakini nilidhani ni sarufi tu inayomshinda. Maneno yenyewe niliyaona mazito, ya mtu aliyesoma teolojia, nikayafuata. Kinyongo changu nilikitunza vizuri sana. Siku ya kumuaga alinishika mkono akaniuliza kama kinyonga wetu bado yu hai. Baba Askofu, mtu yule alisafiri kurudi kwao akiamini kwamba mimi na mdogo wangu tunafuga kinyonga.

Huyu mpya nilimwambia maneno yale yale. Akasema, "Mzee, mdogo wako anaumwa. Nenda kamwone kwanza, halafu rudi nikuondolee dhambi." Nenda, anasema, kama vile ni mbali. Ni ukuta wa mbao. Sasa Jumapili ya sita hii sijakomunika. Watu wanapanga foleni kwenda kupokea, na mwenyekiti wao yuko kwenye benchi la mbele anakagua viatu vyake. Naona aibu kukaa, na naona aibu zaidi kwenda kwa mdogo wangu, maana nitaanzaje?

4. Anapunguza utofauti.

Nimelifikiria jambo hili kwa undani. Tunadai sura mbalimbali katika uongozi wa Kanisa, sivyo? Lakini hapa kwetu sote ni weusi. Ukimweka mweusi juu yetu, utofauti uko wapi? Mtu akitaka nakshi kwenye kitambaa cheusi hatumii uzi mweusi. Uzi huu unahitajika huko kwenye kitambaa cheupe.

Kwa hiyo naomba umpandishe cheo. Awe monsinyori, awe askofu, awe kardinali, na Roho Mtakatifu akiridhia awe Papa kabisa. Nitakuwa wa kwanza kupiga makofi, na picha yake nitaitundika dukani juu ya pasi. Mtu mweusi kwenye kiti cha Petro namwunga mkono kwa moyo wangu wote. Ni kwenye kiti cha kitubio, Jumamosi saa kumi, hatua nne kutoka kwenye benchi langu, ndipo ananishinda.

Badala yake tuletee Mzungu, Mhindi, Mkorea, yeyote yule. Rangi sichagui tena. Sharti ni moja tu, asijue Kiswahili, na akionyesha bidii ya kujifunza, huyo hatufai.

5. Amewaharibu wake zetu.

Mke wangu amesoma rasimu ya barua hii akaniuliza, "Kwani wewe ulikuwa unataka padre mweusi, au ulikuwa unataka padre kiziwi?" Enzi za Padre Polepole hakuwa na maswali ya namna hiyo. Au labda alikuwa nayo akakosa wa kumwelewa.

Nisalimie Makamu wako, masista wa jikoni, dereva, na karani anayefungua barua zako, ambaye najua hakukupisha pale nilipomwomba.

Wako mtiifu, na mwenye fagio,
Mwenyekiti

Tanbihi: Karani wako aliwahi kunieleza kwamba malalamiko dhidi ya paroko yanataka sahihi mbili. Wajumbe wa halmashauri wote wamekataa, kila mmoja na udhuru wake. Akabaki mtu mmoja ambaye hajaninyima kitu kwa miaka kumi na moja, kwa kuwa sijamwomba. Jana mchana nilizunguka, nikaingia mlango wa kushoto.

Alikuwa amelala nyuma ya duka. Nilisema nimekuja kuhusu sahihi. Aliisoma barua yote, hata pale kwenye kola, akasema ni upuuzi mtupu. Kisha akaomba kalamu. Nikamuuliza mbona anasaini upuuzi. Akasema, "Si umekuja, kaka."

Mkono wake wa kulia haushiki tena. Alitumia wa kushoto, na mimi nikamshikia karatasi isisogee. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.

Kwa hiyo naomba usimhamishe Padre kabla ya Jumamosi, wala baada ya Jumamosi. Nina jambo la kumwambia na nataka anielewe vizuri. Barua ningeichana, lakini ina sahihi ya mdogo wangu. Naituma ili isikae nyumbani ikapotea. Ukishaisoma, naomba unirudishie.