Kubeba kwa Niaba

Idara ya Nguvu za Wazee ilitangaza kwa fahari kwamba tatizo la sukari kwa wazee limekwisha. Wataalamu walieleza kuwa mzee akibeba vyuma, misuli yake huamka na kuanza tena kuisikiliza insulini. Lakini vyuma ni vizito na wazee ni tunu, hivyo maofisa watabeba kwa niaba yao.

Mkurugenzi hakuona kasoro yoyote katika mpango huo. Aliubuni mwenyewe.

Siku ya uzinduzi wazee walipangwa ukumbini kwenye viti vya plastiki, wakaombwa wapumzike kwa bidii. Safu ya mbele alikaa mama mkwe wa Mkurugenzi, mshonaji mstaafu. Daktari alishamwonya: sukari isiposhuka, ataanza sindano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nipishe nibebe."

"Leo nakuwakilisha mimi, mama."

"Misuli yangu, sukari yangu. Utokwe jasho wewe, nipone mimi?"

"Huo ndio utumishi wa umma."

"Kwa hiyo na chakula utanilia?"

"Hilo tulishaanza kulitekeleza," alijibu, akijipangusa makombo ya keki mdomoni.

Wapiga picha wakajipanga. Mkurugenzi alikijua vizuri chuma kilichowekwa mbele yake. Alikuwa amekibeba katika hotuba nyingi. Akainama kwa hadhi inayolingana na cheo chake. Chuma hakikutikisika. Yeye naye hakuinuka.

Wakamkokota hadi kitini. Muuguzi akamtoboa kidole, akatazama kipimo, akaguna.

"Bosi, sukari yako imewapita wazee wote humu. Usipobeba vyuma, sindano inakusubiri."

"Basi nitafutieni mwakilishi," akanong'ona.

Bodi ya Idara iliona ombi hilo lina mantiki. Kama mgonjwa huwakilishwa, mkurugenzi mgonjwa awakilishwe kazini, na ndugu wa karibu ndiye anayefaa. Wakamgeukia mama mkwe. Alikuwa ameshakinyanyua kile chuma na kukisogeza ukutani, kisije kikamkwaza mtu.

Amri yake ya kwanza ofisini ilikuwa fupi: kila mtu ajibebee. Wazee wakajibebea. Miezi ikapita, sukari ya mama mkwe ikashuka, na daktari akasema habari ya sindano zake iachwe kwanza.

Mkurugenzi naye yuko ukumbini kila asubuhi, anachuchumaa na ndoo ya mchanga huku mama mkwe amemsimamia.

"Mama, magoti."

"Pole, baba. Shuka."

"Na kiti changu je, mama?"

"Usiwe na wasiwasi. Nakikalia kwa niaba yako. Shuka tena."