Uzinduzi wa Programu ya Kioo Kisichotikisika

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye ni mimi Mkurugenzi wenu, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye, baada ya wageni rasmi watatu kupatwa na dharura saa ile ile, naye ni mimi, wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo, na wale wanaokaimu nafasi za makaimu, mafundi wa karakana hii, ambao nawaomba msogee nyuma kidogo msije mkaonekana wengi kuliko viti, Mama Mkunga wa zahanati, ambaye namwona amesimama kando ya gari na begi mkononi ilhali kiti chake kipo, ndugu dereva, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, itazingatiwa katika awamu ya pili.

(Makofi. Mkunga hapigi.)

Tumekusanyika hapa chini ya bango hili jipya, mbele ya gari la zahanati, gari la wazi lisilo na paa wala milango, gari pekee linaloweza kupanda ile njia ya mawe hadi vijiji vya mlimani, ili tuzindue Programu Jumuishi ya Udhibiti Endelevu wa Mtikisiko wa Fremu ya Kioo cha Mbele, programu ambayo mimi binafsi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana, niliibuni nikiwa bafuni.

(Kicheko. Mkurugenzi anakipokea kama sifa.)

Ndugu zangu, hali ilikuwaje kabla yangu? Kioo cha gari hili kimesimama kwenye fremu, na fremu imeshikwa na bawaba mbili ili iweze kulazwa juu ya boneti. Likifika kwenye mawe, fremu yote inatikisika kama kuku aliyenyeshewa, dereva haoni mbele, na ndiyo maana dereva wetu huyu mnamwita Mkono-Mmoja. Si kwamba hana wa pili! Wa pili kazi yake ni kushika kioo. Kwa miaka minne ameendesha gari la umma kwa mkono wa kulia na kuzuia mali ya umma isianguke kwa mkono wa kushoto, na mkono huo, naambiwa, haupandi tena juu ya sikio.

(Dereva: "Haupandi hata juu ya meza, mheshimiwa!")

Asante kwa fidibaki. Mnamo mwezi wa kwanza fundi wetu mkuu alikuja ofisini kwangu, mikono ina grisi, akaniambia, "Mzee, bawaba zimelegea na raba za chini ya fremu zimekwisha. Nipe bolti nne na nikate raba mbili kwenye tairi bovu, kabla ya chai nimemaliza." Kabla ya chai! Nikamwambia, baba, tatizo la miaka minne haliwezi kumalizwa kabla ya chai. Hiyo itakuwa dharau kwa tatizo. Nikaunda kamati. Kamati ikaunda timu ya wataalamu. Timu ikaandaa hadidu za rejea, upembuzi yakinifu, roodimapu, na wekishopu ya siku tano kuhusu dhana ya kutikisika.

(Fundi mkuu: "Raba mbili tu, jamani!" Sauti nyingine: "Mwache aseme, ameshapanda jukwaani.")

Na matokeo ya utafiti mnayataka? Wataalamu walilipima gari hili kwa siku tisa mfululizo, asubuhi na jioni, likiwa limeegeshwa kivulini, injini imezimwa, gurudumu limewekewa jiwe. Mtikisiko uliopatikana ni sifuri! Sifuri, ndugu zangu! Kwa hiyo ripoti, yenye kurasa mia mbili na kumi, imethibitisha kisayansi kwamba gari halina tatizo lolote, tatizo ni safari. Asilimia mia moja na nne ya wadau waliohojiwa wameafiki.

(Mkunga: "Mheshimiwa, samahani.")

Maswali mwishoni, mama.

(Mkunga: "Si swali. Kuna binti kule mlimani ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mimba ya kwanza, na mtoto amekaa vibaya. Mumewe amekuja mbio kwa miguu, huyu hapa, hana hata kiatu kimoja. Naomba gari liondoke.")

Nimekusikia, mama, na nampongeza binti huyo kwa kushiriki. Lakini gari hili limefungwa utepe, tazama, mwekundu, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile mbele ya taa, na utepe hukatwa mwisho wa hotuba, nami niko ukurasa wa nne kati ya kumi na saba. Likitoka kabla ya kuzinduliwa litakuwa limetoka bila kuzinduliwa! Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

(Mkunga: "Na wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo! Tumbo lenyewe liko kule juu!" Kelele. Mume wa yule binti anaketi chini kwenye vumbi, kisha anainuka tena.)

Utulivu! Mtoto naye ni stekiholda, tena mpya, na serikali haiwezi kumpokea kwa gari linalotikisika. Nikirudi kwenye mada: katika miaka mitano ijayo, programu itapunguza mtikisiko kwa asilimia sitini, itapunguza mlio wa mtikisiko kwa asilimia arobaini, na itatoa semina elekezi kwa vioo mia tatu, ingawa kwa sasa tunacho kimoja. Tutajenga Kituo cha Umahiri wa Utulivu. Tutapeleka ujumbe nje kuangalia fremu za wenzetu, na mimi, kwa kujitoa mhanga, nitauongoza...

(Mlio wa spana. Ka, ka, ka.)

Nani anagonga? Naomba mlio huo ukome, unaingilia takwimu. Fundi! Unafanya nini chini ya fremu? Hicho ulichokata ni nini?

(Fundi mkuu: "Tairi bovu, mheshimiwa. Endelea, tunakusikiliza." Kicheko. Mkono-Mmoja ameshakaa kwenye usukani.)

Nakukumbusha kwamba uingiliaji wa kiufundi bila idhini ya kamati ya ufundi ni kosa la kinidhamu. Umekaza bawaba ya kulia? Basi ungoje, ya kushoto inahitaji muhtasari wa kikao. Umeikaza? Mama, shuka. Mama Mkunga, hilo ni gari la maonyesho! Na wewe bwana usiye na viatu, hujaalikwa!

(Injini inawaka. Mkono-Mmoja anaweka mikono yote miwili kwenye usukani, anaitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni. Fundi mkuu anapiga fremu kofi, haitikisiki. "Nenda, kaka! Na ukifika kwenye mawe usiguse kioo, kitajitegemea!" Gari linaondoka, utepe unakatika, umati unashangilia na kulikimbilia hadi getini. Viti vinabaki vitupu.)

Ndugu zangu... ndugu viti... kama mlivyoshuhudia kwa macho yenu, utepe umekatwa. Programu imezinduliwa, imetekelezwa, na imevuka malengo ndani ya siku moja, jambo ambalo halijapata kutokea katika kurugenzi yoyote. Mtoto akizaliwa salama, ripoti ya mafanikio ipo tayari, ina picha yangu. Ikiwa vinginevyo, barua ya kuwafukuza kazi dereva na fundi nayo ipo tayari, haina picha. Kioo imara! Taifa imara! (Mbuzi anapita.) Fremu leo, fremu kesho!

Namalizia kwa shukrani. Ningependa kuishukuru kamati, lakini haikuwahi kukaa kwa kuwa haikuwahi kuteuliwa. Ningependa kuwashukuru wataalamu, lakini waliolipima gari ni mimi na mlinzi, tukiwa tumeketi ndani yake tukipata upepo. Ningependa kuishukuru ripoti, kurasa zake mia mbili na kumi ni nyeupe, zimefungwa vizuri sana. Namshukuru basi mchora mabango, yule pale aliyebaki peke yake, ambaye leo asubuhi, kwa brashi moja, ameianzisha programu hii na kuikamilisha. Karibu mbele, bwana, tupige picha. Ila usiliegemee bango, rangi haijakauka.