Waraka wa Kuendelea kwa Tarehe Kumi na Nne

Umma unaarifiwa kwamba leo ni tarehe kumi na nne. Jana pia ilikuwa tarehe kumi na nne, na Mungu akipenda kesho itakuwa hivyo hivyo. Idara ya Almanaka na Mambo ya Anga imeidhibiti hali. Mimi, Katibu wa Kamati ya Tarehe, natoa maelezo haya ili kukata mzizi wa fitina.

Ilikuja karatasi kutoka ng'ambo: mwezi utapatwa Jumanne tarehe 14, saa nne na dakika arobaini usiku. Mkurugenzi wetu aliigonga mihuri mitatu, akaamuru kadi mia sita za mwaliko zichapwe. Alikuwa na haki ya kuchangamka, kwani tarehe 15 asubuhi alikuwa aapishwe kuwa Katibu Mkuu.

Ndipo karani wetu mkongwe, tunayemwita Mama Almanaka, akabisha hodi.

"Mheshimiwa, hiyo ni saa ya wenzetu wa huko. Sisi tunaongeza saa tatu. Mwezi utapatwa saa saba na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumatano. Hiyo ni tarehe kumi na tano."

"Mama, usiku wa Jumanne si usiku wa Jumanne?"

"Usiku ni huo huo, baba. Ila tarehe itakuwa imeshageuka."

"Imegeuzwa na nani? Kwa kibali gani?"

Mama Almanaka akajibu kwamba hujigeukia yenyewe. Huo ni utovu wa nidhamu. Akaandikiwa barua papo hapo: kuanzia tarehe 15, huna kazi. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Aliisoma mara mbili, akaikunja. Nakiri roho iliniuma, lakini huruma haina fomu.

Usiku ule wageni mia sita walikaa uwanjani, shingo juu. Saa nne na dakika arobaini ikafika. Mwezi ulikuwa mzima, mnene, hauna hata mchubuko. Mgeni mmoja akauliza kwa sauti kama wameitwa kutazama balbu. Saa sita kasoro dakika tano, Mkurugenzi akapanda jukwaani na kusoma waraka niliouandikia gotini: tarehe 14 haitakwisha mpaka Mkurugenzi ajionee kwa macho yake mwezi umepatwa. Makofi yalirindima. Huo ndio uongozi.

Saa saba yakatanda mawingu mpaka alfajiri, hata kidole hukioni. Kupatwa kwingine kutaonekana hapa baada ya miaka miwili na miezi mitatu.

Kulipokucha Mkurugenzi alikwenda kuapishwa, suti mpya mwilini. Afisa itifaki akamzuia mlangoni.

"Samahani mzee, kuapishwa ni tarehe kumi na tano. Kwa sahihi yako mwenyewe, leo bado kumi na nne."

"Basi ufuteni huo waraka!"

"Wa kuufuta ni Katibu Mkuu, mzee. Naye hajaapishwa."

Alirudi ofisini kwa miguu, maana dereva alishaambiwa ampeleke tu; kurudi angerudi na gari la Katibu Mkuu. Alimkuta Mama Almanaka kwenye meza yake ya siku zote, miwani puani, anapanga mafaili.

"Wewe mama, si nilikufukuza?"

"Ulinifukuza, baba," akasema, akimvutia kiti. "Lakini kazi ninayo mpaka kesho."