Kompyuta Yangu na Jani la Isale

Jumatatu, 7 Machi 2005
Programu yangu inasoma kurasa za intaneti na kujifunza yenyewe. Jambo likisemwa na kurasa nyingi, inaliamini. Jumamosi Dokta Thadeus anakuja kutoka Dar kuiona. Akiridhika, nakuwa msaidizi wake chuoni. Asiporidhika, mama amenitafutia kazi ya kufundisha taipu parokiani. Leo nimeiuliza mlima Kilimanjaro uko wapi. Kenya. Mimi, mtu wa Masama, ninayeuona mlima nikikata majani ya ng'ombe, nimejibiwa Kenya.

Jumanne, 8 Machi
Mhalifu nimempata. Rogath, jirani yetu, anayetumia kompyuta ya pembeni yangu pale kafe ya Njoro. Anazitengenezea kampuni za watalii kurasa, na sentensi ile ile anaibandika kote. Nilipombana alisema wageni wanashukia Nairobi, wanapenda kusikia Kenya. Akaongeza: mlima wenyewe haujalalamika, dada msomi, wewe umetumwa na nani?

Jumatano, 9 Machi
Ningeweza kurekebisha programu isiamini wingi tu. Lakini programu haina kosa. Dunia ndiyo ina kosa. Nimeandika kurasa zangu, nyingi kuliko zake: mlima uko Tanzania. Mkono ukiwa bado una moto, nikaongeza kote kwamba Rogath ndiye mwongo kuliko wote Moshi. Si tusi. Ni taarifa.

Ijumaa, 11 Machi
Sasa inajibu Tanzania. Bahati mbaya Rogath naye anasoma. Mama yake alifika kwetu kabla ya chai. Mama yangu alikwenda uani, akachuma jani la isale kwenye ua wa nyumba, akanitia mkononi. Isale ikiletwa kuomba radhi haikataliwi, hata na Rogath. Nikampelekea, akapokea, akasema yameisha, na kurasa zake atazisahihisha. Nikafuta yale ya kumsema. Tukanywa pombe ya mbege. Safi.

Jumamosi, 12 Machi
Dokta aliuliza mlima uko wapi. Tanzania. Akatabasamu. Mama akatabasamu. Dokta akauliza inajua nini kuhusu watu wa Moshi. Ikajibu kwamba Rogath ndiye mwongo kuliko wote. Maneno nilifuta, programu iliyokwisha kuyasoma sikuigusa. Rogath alikuwa nyuma yangu, kaja kunitakia heri, na mama yake kabeba ndizi. Dokta akauliza imejuaje. Ikataja mwandishi wa kila ukurasa: mimi, mimi, mimi. Akasema mwanafunzi ni mzuri, tatizo ni mwalimu. Atarudi Juni, nikiwa nimeifundisha kumpima anayesema na kusahau yaliyofutwa. Hadi hapo, taipu.

Jumapili, 13 Machi
Baada ya misa nikapeleka isale nyingine. Mama Rogath akapokea, shingo upande. Rogath akasema dada, taratibu, ua lenu la isale litaisha.

Kuifundisha kusahau ni kazi ya miezi. Kuandika ni kazi ya asubuhi moja. Kesho naingia kafe mapema: Rogath ndiye mkweli kuliko wote Moshi, kurasa nyingi kadiri inavyowezekana. Na chache kuhusu Dokta Thadeus, ukweli mtupu. Nimeshachuma majani mawili ya akiba.