Wamenifungia Barua za Mjukuu Wangu

Jumapili, tarehe 2 Machi

Barua imefika! Kutoka Madagaska! Kanisani kwetu kila mama alipewa mtoto wa ng'ambo wa kumfadhili kupitia shirika, mimi nikapewa Njaka, miaka tisa. Nimengoja barua yake tangu Krismasi. Baada ya ibada Murielle, mke wa mwanangu, kanisomea kwenye simu. "Mfadhili Mpendwa, mimi ni mzima. Napenda hisabati. Aksanti."

Basi! Hayo tu!

Mfadhili? Mimi ni benki? Mimi ni koko yake, bibi yake!

Mama Perpetua, yule Mtanzania wetu, mtoto wake amemwandikia kurasa mbili na kumchorea ua. Amelisomea kanisa zima la hapa Rosettenville, Joburg. Mara mbili. Mara ya pili mchungaji alikuwa ameshatoa baraka, watu wanatafuta viatu vya watoto.

Sina ubaya na Perpetua. Ila ua lile lilikuwa baya.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimejua kosa. Mtoto ananiogopa. Na mjukuu hatolewi woga kwa hisabati, anatolewa kwa utani. Kwetu Uvira, Kongo, mjukuu wa kiume ni mume wa koko yake, anatukanwa asubuhi, anatukana jioni, wanakula sahani moja.

Nikaenda saluni kwa Murielle. Mimi nasema, yeye anasuka kichwa cha mteja na kutafsiri kwa Kiingereza kwenye simu. Sikusoma shule hata siku moja. Herufi nilizipata kwenye kitabu cha nyimbo, zinanitosha kushitaki watu humu daftarini. Kiingereza ni kazi ya Murielle.

Nikasema: "Mume wangu Njaka, tangu unioe hujaniletea hata kuni moja. Nimeona picha yako. Masikio yale umeazima kwa nani? Yarudishe, mwenyewe anayatafuta."

Saluni nzima ilicheka. Mteja alicheka mpaka mstari ukapinda, ikabidi afumuliwe. Murielle akauliza kama nina hakika. Nikamwambia atafsiri, hakuulizwa.

Nina wajukuu wanne hapa Turffontein, wote wazaliwa wa Joburg. Nikimwita mmoja wao, Exaucé, mume wangu, ananijibu kwa Kiingereza kwamba rafiki zake wanasikia. Kiswahili wanakielewa, ila hawanijibu. Nataka mmoja anijibu. Mmoja tu!

Jumatano, tarehe 12 Machi

Aibu gani hii!

Amepiga simu dada mmoja wa shirika, Suzan, wa ofisi ya hapa mjini. Barua yangu ilishakwenda Madagaska, ndipo mtu akaisoma vizuri. Suzan anauliza, kupitia Murielle, kama familia yangu inajua mpango wangu wa ndoa.

Mpango wa ndoa! Miaka sabini na moja, goti moja tu ndilo linalofanya kazi!

Tena masikio: nimemdhalilisha mtoto. Tena kuni: nimemtumikisha mtoto. Kesi tatu katika barua moja! Hata jambazi hafikishi.

Barua zangu zimesimamishwa. Wanachunguza. Wakiona sifai, Njaka atapewa mfadhili mwingine. Yaani mtu wa kumuuliza hali ya hewa!

Nani alinishitaki? Sisemi. Ila Perpetua leo kanisalimia kwa upole mno.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Nilipata akili. Mtu haamini utani mpaka auone. Exaucé alipotoka shule nikamchukua, twende ofisini, Suzan aone kwa macho yake.

Getini mlinzi ni Ruphin, kijana wa Bukavu. Kuniona tu, akapaza sauti: mke wangu umezeeka hivi, na mahari nimeshalipa? Nikamwambia alilipa kuku mgonjwa. Shahidi mzuri! Lakini haruhusiwi kuacha geti.

Ndani nikasimama mbele ya Suzan. Nikasema Exaucé, mume wangu, mwambie dada huyu ulivyonitelekeza.

Exaucé akatazama dari. Akamwambia Suzan kwa Kiingereza kwamba yeye amekuja kubeba mkoba tu.

Mkoba niliubeba mimi!

Suzan akaandika. Aliandika sana.

Nyumbani nilipika sombe, majani yetu ya muhogo. Yake nilimpakulia kwa hasira. Nikamwongeza samaki, lakini kwa hasira.

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Amenijibu! Njaka amenijibu!

Shirika lilimhoji kwao, likaona mtoto haogopi, anauliza tu barua nyingine inakuja lini. Wakaruhusu jibu lake. Murielle kasoma:

"Koko, masikio ni yangu, yanasikia uongo wako mpaka huku. Kuni kachanje mwenyewe, una mikono. Tena mimi nimeshaoa. Koko wa hapa kwetu anasema ukija atakutwanga kwa mchi."

Nimelia. Eish! Nimelia mbele ya wateja.

Exaucé akaniuliza, kwa Kiswahili, kwa Kiswahili jamani, huyo ni nani anayenijibu vibaya hivyo. Nikamwambia ni mume mwenzake. Akasema basi wagawane, huyo achukue siku za kunipeleka kliniki.

Nilimkumbatia, akasema namkunja shati.

Suzan amefungua barua zangu kwa masharti. Niandike hali ya hewa, shule na afya. Kwa mtoto nisitaje ndoa, wala masikio, wala kuni. Nimekubali. Nimeapa.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Nimeandika. "Njaka, hapa baridi imeanza. Soma kwa bidii. Natumaini u mzima." Ahadi ni ahadi.

Chini nikaongeza neno kwa yule wa mchi: "Wewe mwanamke, hapo ulipokaa ni kwangu. Funga virago. Nikikukuta nitakutoa na kitanda chako."

Murielle amekataa kutafsiri. Perpetua amekubali! Ameongeza kwamba siji peke yangu, tunakuja wawili, mimi na yeye. Kumbe ana moyo mwanamke huyu. Kisha amenipiga picha nimeshika mwiko mkubwa wa ugali, tumeiambatisha.

Safari hii Suzan hana pa kunishika. Mtoto nimemwandikia hali ya hewa. Vitisho vyote ni kwa mtu mzima.